Kwako Uliyenichekesha Miaka Mitatu

Kiprop, uliyekuwa mpenzi wangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Sikuombi urudi. Kuna neno moja la Kiingereza nataka kukufundisha, kwa sababu ulilipenda sana.

Unazikumbuka Ijumaa zetu pale kwangu Yamumbi? Nikimaliza kuosha vyombo nilikuuliza swali lile lile: wazee wenu watakwenda lini Kakamega kumwona baba? Hapo ulikuwa ukisimama katikati ya chumba, unajifunga shuka langu begani, unageuka mjomba wako. Mjomba asiyetaka kusikia habari ya ng'ombe mpaka kibuyu cha mursik, yale maziwa yenu ya mgando, kimfikie. Mjomba anayesinzia mahari ikijadiliwa, kisha anazinduka na kuanza kuwatetea wakwe. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na swali langu likapotelea humo humo. Ukiniona nimelegea unasema, "Mi nakuamuse tu, mwalimu. Wazee watakuja, pole pole."

Jumamosi ulikuwa ukienda Timboroa kuchukua viazi vya biashara. Moja ya Jumamosi hizo ulirudi bila hata kiazi kimoja, nywele zinang'aa, unanuka siagi. Nilipouliza ukasema, "Kuna mama nilimbebea mtungi wa siagi kwa pickup, ikanimwagikia yote. Sasa mimi ndio chapati." Nikacheka tena. Nikachemsha maji, nikakuosha kichwa kwa mikono yangu.

Mwezi uliopita Mama Chela, naibu wa mwalimu mkuu wetu, alinionyesha picha za posa ya mpwa wake kule Ziwa. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wakipakana siagi kichwani, na maharusi nao wakapakwa. Akanieleza kuwa ndiyo desturi yenu mkishakubaliana. Mimi mtu wa Kakamega mursik niliijua, lakini hiyo siagi hakuna aliyewahi kuniambia. Na wewe ulikuwa hapo katikati, kichwa kinang'aa. Mjomba wako yuko kando, amesinzia kweli.

Nililia kwenye choo cha walimu. Nilipomaliza nikaenda maktaba, nikafungua kamusi kubwa kulitafuta lile neno lako, "amuse". Lilitoka kwa Wafaransa, na asili yake ni mtu aliyeduwaa, kinywa wazi. Waingereza walipolichukua, kwa muda mrefu halikuwa neno la kicheko. Kumuamuse mtu kulikuwa kumpumbaza. Hata vitani walilitumia: unamshughulisha adui upande huu, huku jeshi lako linapita upande ule. Kicheko kilikuja baadaye. Wewe ulinifanyia yote kwa mpigo, na kamusi hujawahi kufungua.

Nina hasira nawe, Kiprop. Watu wananiambia nimwachie Mungu, nami nimemwachia mengi, lakini hili nimebaki nalo mwenyewe.

Mama Chela hajui lolote kuhusu sisi. Juzi aliniita ofisini. "Mwalimu," akasema, "wewe ndio hushika maiki siku ya wazazi, na watu hucheka vizuri. Si utusaidie kuwa MC wa upande wa bibi harusi?"

Nikamwambia, "Hakuna shida, Mama."

Kwa hiyo Jumamosi, siku ya harusi yako, nitasimama mbele ya hema na maiki mkononi. Wewe utakuwa umeketi meza ya mbele na suti yako mpya. Kila nikisema, "Sasa wageni wetu, kuna kisa kimoja," hutajua ni kisa gani. Huenda nikamsifu mama mkwe wako. Huenda nikaeleza jinsi siagi inavyong'ang'ania kwenye nywele, na kwamba maji ya moto mara moja hayatoshi. Bado sijaamua, na nikiamua sitakwambia. Hema zima litakuwa likicheka. Wewe utakuwa umeduwaa, kinywa wazi, ukiutazama mdomo wangu mpaka keki ikatwe.

Uje mapema, ukae karibu.

Ni mimi niliyekuosha kichwa,
MC wa upande wa bibi harusi.