Mabingobingo ya Baba

Kwihara, Tabora
Oktoba 1949

Kwa kaka yangu Kasimiri,

Shikamoo kaka. Natumaini mkonge wa Tanga haujakumaliza viganja, na ile homa imekuacha. Sisi huku tu wazima wa mwili, ila mama bado anakohoa. Ama baada ya salamu, habari nilizo nazo si nzuri, basi kaa kitako ndipo uendelee kusoma.

Ng'ombe wako wa mahari wamekufa wote. Pole sana, kaka. Si ugonjwa uliowaua. Ni yale majani ya mabingobingo aliyopanda baba bondeni kuwalisha. Bwana shamba alimwambia ayakate yakifika kiunoni, yachipue, akate tena, mengine ayaanike yawe akiba ya kiangazi. Baba yetu unamjua! Akajibu kwamba hajaona mtu anayevuna mtama mbichi, na majani nayo lazima yakomae. Yakaachwa yakapita paa la nyumba, watu wakaja kuyatazama, naye akitembea kifua mbele kama jumbe. Nilipomwuliza tutakata lini, akaniambia nirudi kwenye chungu changu.

Kiangazi kikakausha mbuga zote, ndipo tukakata. Yalikuwa magumu kama kuni, hayana lishe tena. Ng'ombe walitafuna kutwa, matumbo yakajaa, na mbavu zikazidi kutokeza. Wakaanza kulala wasiinuke, mmoja baada ya mwingine. Sasa baba hali wala hasemi. Nilikuwa na hasira naye, jamani, lakini ukimwona alivyo utamhurumia.

Baba yake Apolinaria akatuma mtu kusema ng'ombe wasipofika kabla ya Noeli, mchumba wako ataolewa na fundi mmoja wa Gongoni. Apolinaria mwenyewe alikuja akalia mapajani mwangu.

Sasa neno lenyewe, kaka. Ng'ombe wamepatikana, tayari wako kwa wakwe zako. Wametoka kwa Ngollo wa Ipole, yule mwenye wake wawili. Mimi ni wa tatu, ananichukua Jumamosi. Hakuna aliyenilazimisha. Padri amesema sitapokea komunyo tena, na mama hanitazami usoni. Naogopa, kaka, naogopa sana.

Usithubutu kuwarudisha ng'ombe hao. Wakirudi nami nitarudishwa, na Apolinaria atakuwa amekwenda, tukose vyote. Njoo uoe. Mkijaliwa binti, msimpe jina langu.

Wazee wanakusalimu. Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi mdogo wako,
Josepha