Piano Yako Haina Kiu Tena

Makutupora, Jumapili, Julai 1994

Mzee Masima,

Shikamoo. Huu ni mwaka wa tatu tangu niondoke kwetu Kasulu, na mwezi wa nne tangu tukuzike Bahi. Niliishia darasa la tano, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Mikono nayo imepasuka kwa kupogoa mizabibu kwenye baridi hii.

Nakuandikia habari za piano ya kanisa uliyoniachia niitunze. Ulipoondoka, wazee wa kanisa walitaka kuiuza. Siku hizi maduka ya mjini yamejaa vinanda vya umeme kutoka nje. Mama Neema, mwenyekiti wa kwaya, alinitania mbele ya watu: "Kinanda cha umeme hakinywi maji, ndugu yangu. Hiyo yako tuikatie na majani kama ng'ombe?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Wakanipa hadi leo: ikilia vizuri inabaki, isipolia inauzwa.

Mzee, nilikaribia kukuaibisha. Kipupwe kilipokaza nilikumbuka ulivyosema, "Haiuawi na baridi, inauawa na ukavu." Nikadhani maji yakizidi ndiyo dawa. Kile chungu cha udongo ulichokuwa ukikijaza nusu na kukiweka ndani, chini ya nyuzi, mimi nilikijaza hadi mdomoni. Nikaongeza na cha pili. Haikupita wiki mbili, vibao vikavimba. Ukibonyeza, havirudi juu. Nililia. Mtu mzima, peke yangu kanisani.

Ndipo nikakuona akilini, kila Jumamosi, ukiweka shavu kwenye ubao kabla hujagusa chungu. "Iulize kwanza kama ina kiu." Nilidhani ni mazoea ya uzee tu. Kumbe ulikuwa unapima. Ubao ukiwa mkavu, shavu huona vumbi jepesi lenye joto. Ukishiba maji, huwa baridi kama tumbo la mtungi. Nikatoa vyungu vyote, nikaacha kifuniko wazi mchana, nikawa napitia kila jioni nikitoka shambani, kuweka shavu. Vibao vikaanza kurudi, kimoja kimoja. Chungu nikakirudisha, nusu.

Leo kwaya imeimba nayo. Kibao kimoja cha sauti nzito bado ni kivivu, na kila mtu alikisikia. Nikainamisha kichwa. Mama Neema akasema, "Inakohoa kidogo. Hata mimi nakohoa kipupwe hiki, na hamjaniuza."

Inabaki, Mzee. Na ufunguo wa kanisa wamenipa mimi.

Nilimwahidi mama kurudi Agosti. Nimemwandikia asubiri, maana ukavu hautaisha kabla ya mvua. Mvua zikishika, Desemba, napanda treni ya Kigoma. Nitashuka Bahi kwanza, nipalilie kaburi lako. Lala salama, mwalimu wangu. Sitainywesha tena bila kuiuliza. Nikishamwona mama nitarudi huku, na Aprili itanikuta Makutupora, kabla upepo wa kipupwe haujaanza.

Mwanafunzi wako,
Bigirimana