Wa Ngapi?

Shikamoo Baba, huko uliko.

Leo sina maneno matamu. Nimechoka, nimekasirika, na wa kumlalamikia umebaki wewe, uliyelala hapo makaburini Lizaboni.

Unalikumbuka lile swali lako? Nikirudi na ripoti ya shule, hata begi sijatua: "Wa ngapi?" Huulizi kama nimekula, wala kama nimechoka. Muhula ule nilipokuwa wa ishirini na tisa niliificha ripoti kihengeni, chini ya mahindi. Uliipata. Hukunipiga. Ulisema tu, "Kwani huyo wa kwanza ana vichwa viwili?" ukasusa ugali. Nililia mpaka mama akakugombeza kwa Kingoni.

Sasa mjukuu wako Neema yuko Dar, shule ya kulipia ya kisasa, ya kuwaandaa watoto kwa chuo kikuu. Walimu wanaitwa kwa majina yao, kama vile wanacheza nao rede! Wiki iliyopita nilifunga duka langu la pale mtaani Msamala, nikapanda basi hadi kikao cha wazazi. Nikamuuliza mwalimu, "Mwanangu wa ngapi?"

Akatabasamu. "Mama, hapa hatupangi namba."

Jamani! Nilitamani kumrushia pochi. Shule gani hiyo? Nitajuaje kama mtoto anasoma au anapiga soga? Akanipa barua ya kurasa nne kuhusu Neema, basi.

Niliisoma kwenye basi la kurudi. Ukurasa wa tatu wameandika kwamba Neema akikosea hufunika daftari kwa mkono. Walipomuuliza kwa nini, alijibu, "Mama atauliza wa ngapi."

Baba, nilikukasirikia pale pale kitini, abiria wananitazama. Swali lako limo mdomoni mwangu na wala sikuliomba. Nikaapa sitamuuliza tena.

Jana akapiga simu. Nikamuuliza chakula, nikamuuliza mafua. Halafu swali likaniponyoka: "Na darasani wa ngapi?"

Akajibu kwa sauti ndogo: "Wa kwanza, mama."

Shule isiyopanga namba, Baba! Mwanangu amenidanganya ili nisimsuse. Na kibaya zaidi, kabla sijakumbuka, nilifurahi. Nilipiga hadi kigelegele, hapo hapo dukani.

Pumzika, Baba. Nakupenda, ila swali lako nakurudishia. Likae huko huko nawe.

Binti yako,
wa ishirini na tisa