Kilima cha Mama Lidia

Liparamba,
Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo nyingi. Kifua kimetulia? Nasikia baridi ya Mpepai mwaka huu haina adabu, basi lile sweta nililokuletea usilifungie sandukuni kusubiri Krismasi, livae. Kahawa umeshaanika? Mimi ni mzima, na mdogo wangu Tarsisi ni mzima kabisa. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua ungerukia mwisho wa barua kulitafuta. Unisamehe mwandiko, naandikia gotini.

Wakati wa Pasaka uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana majirani wanadhani nalipwa kutazama picha. Nachora ramani, mama. Askari wa pori wakitaka kwenda doria, nafungua kompyuta, natazama mabonde na mito, nawapangia wapite wapi na walale wapi. Kisha naiuliza kompyuta sauti ya redio ya upepo itafika wapi kutoka kwenye mnara wetu. Inapofika hupaka kijani. Mlima ulipoziba hupaka nyekundu, na aliyeko huko hata akipiga kelele redioni, kambini hatusikii kitu.

Nawe Tarsisi alipopata kazi ya uaskari hapa ulinishika mkono mlangoni, ukaniambia asipelekwe mahali ambapo sitamsikia. Hukumtaja baba, wala hapakuwa na haja. Sote tunajua alivyoanguka mtini akitundika mzinga kule ng'ambo ya bonde, akaita mpaka sauti ikakauka, na sisi tupo nyumbani tunapukuchua mahindi. Nilikuahidi.

Na ahadi niliitunza, tena kwa hila. Kila nilipopanga doria, Tarsisi nilimweka kwenye kijani, nyekundu nikawapa wengine. Bwana Baltazar, mkuu wetu, hutia sahihi akaendelea na chai yake. Hakuna aliyeshtuka hadi askari mmoja, Pankras, alipopatwa na homa kali huko kwenye nyekundu, wenzake wakambeba mgongoni mpaka walipopata mahali pa kusikika. Amepona. Lakini mkewe alipokuja kumchukua alinishukuru kwa kuwa mimi ndiye niliyeipokea sauti yao, nikashindwa kumtazama usoni.

Tarsisi ndiye aliyegundua. Alikaa kwenye kiti changu, akazifungua ramani moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza kwa upole kama Pankras hana mama. Ule upole wake unaujua, ni mbaya kuliko kelele. Alisema wenzake wameanza kumwita mtoto wa mama, na kwamba safari ijayo ya nyekundu ni yake, nisipoipanga mimi ataiomba kwa mkuu mwenyewe. Nililia, mama. Yeye akanicheka, akanipikia ugali, akauunguza, tukaula hivyo hivyo.

Nikahangaika na kompyuta. Ndipo nikakukumbuka ulivyokuwa ukimwita baba akiwa shamba la ng'ambo. Sauti yako haikumfikia, lakini ilimfikia Mama Lidia kwenye kilima cha kati, naye akaipokea akaisukuma mbele, kwamba chakula tayari, Wilfred arudi. Majibu nayo yalirudi kwa njia hiyo hiyo, na Mama Lidia mara nyingine akiongeza ya kwake. Siku ile baba alipoanguka, Mama Lidia alikuwa gulioni. Katikati hapakuwa na mtu.

Nikatafuta kwenye ramani kilima cha Mama Lidia, mahali panapouona mnara wetu na wakati huo huo kuliona bonde la nyekundu anakokwenda Tarsisi. Nikakipata, kidogo, cha mawe matupu. Kilichobaki ni mtu wa kukaa juu yake.

Sasa nikiri. Ahadi niliyokupa nimeivunja, mama. Tarsisi ameondoka asubuhi kwenda kwenye nyekundu, na njia nimemchorea mimi. Na mtu wa kilima cha kati ni mimi. Bwana Baltazar alisema kazi yangu ni ya ofisini, nikamwambia leo ofisi iko kileleni. Nipo hapa na redio, maji na mihogo ya kuchemsha, nakuandikia huku nikiisubiri sauti yake. Naogopa sana.

Nilikuwa nimefika hapo redio ikakoroma. Ni yeye, mama! Sauti imejaa mikwaruzo, lakini ni yeye. Wamefika mtoni, wote wazima, na habari nimeisukuma hadi kambini. Kisha akasema ana moja ya nyumbani, niifikishe Mpepai: shikamoo mama.

Kesho Egidi, dereva wetu, anakwenda Mbinga, atakuletea barua hii pamoja na dagaa wa Mbamba Bay. Msalimie sana Mama Lidia, umwambie kazi yake nimeirithi.

Ile shikamoo ya Tarsisi sikuweza kuiacha hewani bila jibu. Nimemwitikia marahaba kwa niaba yako. Naomba uikubali, mama, kisha unitumie na mimi ya kwangu.

Ni mimi binti yako,
Vitalia