Pole kwa Kijerumani

Jumatano, Mansfield

Leo nimeomba msamaha kwa kosa la kikohozi. Mwalimu wangu wa Kijerumani alikohoa tukiwa kwa simu, nikamwambia, "Entschuldigung," yaani samahani. Akacheka, akaniuliza nimemkosea nini. Mimi nilitaka tu kumwambia pole!

Hata hapa kazini, mgonjwa akijikwaa nikisema sorry, wenzangu wanauliza kama ni mimi nimemwangusha.

Viza yangu ya Marekani inaisha Agosti. Ujerumani wanatafuta manesi, kwa hivyo kila lunch najifungia ndani ya gari nikikariri maneno. Nyumbani Nakuru hawajui. Wanadhani nilishatulia huku Texas.

Jioni mamangu alipiga. Nikamwambia nimechoka kidogo.

"Pole, mami," akaniambia, bila kuuliza kosa ni la nani.

Nikakata simu kabla sijamwambia ukweli.