Nati ya Gurudumu la Kulia

Nyamira, 4 Machi 2024

Kwa Baba Anyona,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi tu wazima, Mokeira anakua na anauliza mambo. Natumai mgongo umekupa nafuu.

Chinsoni, ile ada yetu ya heshima, haituruhusu mkwe na mkwe kuzoeana, ndiyo maana naandika badala ya kuja. Lile gari la mbio la marehemu mume wangu Nyamongo, ulilonitupia mlangoni mwaka jana ukisema nichukue mzigo wangu, bado liko juu ya mawe. Nimempata fundi, Manasseh. Tumebadilisha plagi, tumesafisha kabureta. Linawaka vizuri, linanguruma kidogo, kisha linakata roho. Likipumzika linawaka tena. Wewe umelitengeneza tangu Nyamongo hajaota ndevu. Shida iko wapi?

Mokeira anataka kulipanda kwenda kuona kaburi la baba yake. Hajawahi kuliona, na unajua kwa nini.

Mke wa mwanao,
Pam


Magwagwa, 19 Machi 2024

Pam,

Salamu zimefika. Mgongo ni ule ule.

Acheni kuchokonoa kabureta. Likizimika, fungua kifuniko cha tangi la petroli. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, kijitundu cha kifuniko kimeziba na petroli haishuki. Nyigu hupenda kujenga humo. Zibua kwa sindano.

Hilo gari halikuwa na neno siku ile ya ajali. Kilichomuua mwanangu ni simu yako ya Jumamosi, ukimharakisha wakati sisi wote tuko kanisani. Ukoo ulishasema hukaribishwi hapa, wewe na mtoto.

Anyona


Nyamira, 2 Juni 2024

Kwa Baba,

Hamjambo huko? Sisi tunaendelea.

Ilikuwa nyigu kweli. Gari sasa linanguruma mpaka majirani wanalalamika. Asante.

Basi tukahamia magurudumu ya mbele. Kushoto, ile fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu imeshikwa na nati, na nati imefungwa kwa pini. Kulia hakuna nati wala pini. Manasseh amenionyesha meno ya bolti: mazima, hayajakwaruzika. Anasema ajali haing'oi nati hivyo. Ilijifungua yenyewe, kwa sababu ilizungushwa kwa vidole tu. Pini yake tumeikuta nyuma ya kiti, ndani ya kopo lako la kuwekea vipande, mpya, haijawahi kukunjwa.

Ijumaa ile, siku moja kabla ya ajali, nilikuletea chai nikaiweka mbali, kama ada inavyotaka. Ulikuwa chini ya gurudumu hilo. Jua lilipozama ulitoka, ukanawa mikono, Sabato ikaingia. Nilidhani umemaliza. Jioni hiyo hiyo nikampeleka mtoto Kisii, hospitali. Asubuhi alikuwa anatetemeka kwa homa nikampigia baba yake aje. Ningempigia nani mwingine?

Baba, ulimwambia Nyamongo kwamba hujamaliza? Mbele ya kaburi mlinivua kitambaa cha ujane mkaniita muuaji. Sikuombi shamba. Waambie watu wa nyumbani ulichokiacha bila kukaza, mtoto aingie.

Pam


Magwagwa, 28 Julai 2024

Binti yangu Pam,

Ni matumaini yangu mko salama. Mvua huku imezidi, majani ya chai yanachumwa yakiwa maji.

Nimeomba sana kabla ya kukujibu. Ufunguo wa gari ulikuwa kwenye msumari wake, na siku ilikuwa ya Bwana. Hakuna aliyetakiwa kuliendesha kabla ya Jumapili. Mungu hawezi kunilaumu kwa kuitunza siku yake. Mwambie fundi akaze hiyo nati, mambo yaishe. Wazee wasisumbuliwe, nina nafasi yangu kanisani.

Mimi nimekusamehe.

Baba yako


Nyamira, 12 Agosti 2024

Mzee Anyona,

Natumai u mzima.

Nati mpya nimeikaza kwa mkono wangu, Manasseh akinielekeza. Tulianza Ijumaa tukachelewa, jua likatuzamia nikiwa bado chini ya gari. Nilimwambia ashike tochi. Nilikaza mpaka spana ikagoma, nikapitisha pini, nikaikunja miguu yote miwili. Ndipo nikanawa mikono, maana mtoto wangu atakaa ndani ya hilo gari.

Jumamosi ijayo tutakuja. Tutasimama nje ya kanisa lenu mkitoka, na ile pini ya zamani nimempa Mokeira aishike. Atakuuliza mwenyewe ni ya nini.

Msamaha wako sikuuomba.

Mama Mokeira