Picha Niliyoikalia

Mwenzangu, shemeji yangu mpiga picha ananitia kichefuchefu!

Leo vijana wameandamana nje ya uwanja wakati wa kukabidhi kombe. Kawapiga picha wote, tena kwa kamera ya marehemu mume wangu. Akazichapa, akazitandaza mkekani kama za harusi, kila mtu ajitafute anunue.

Akaja mwanamume, pingu zinachungulia kiunoni. "Nipe zote zenye sura."

Zote! Shemeji anacheka: "Mteja ni mteja, shemeji." Eti mteja ni mteja! Tena anamwonyesha kwa kidole: huyu fundi cherehani, huyu anakaa nyuma ya shule. Astaghfirullah.

Na pale pembeni ya mkeka nikamwona binti yako pichani, blauzi ya njano, bango juu, mdomo wazi.

Nikaketi juu yake.

"Mama, sogea," akasema yule wa pingu.

"Mwanangu, magoti haya yakishakaa hayainuki leo."

Akaondoka na nyingine zote, bila hiyo.

Kamera nimemnyang'anya shemeji, maana binti yako bado yumo ndani. Iko chini ya mswala wangu. Mwambie asilale kwenu leo, na blauzi ile aifiche.

Nakimbilia kwa mama yake fundi cherehani. Sikuwa na makalio ya kuwafunika wote.